Pembe Mbili Kabatini

Jumamosi, 1 Oktoba 1983

Nimemaliza kuchora! Pembe nzima ya kukuza sauti ya spika, kwenye karatasi ileile ninayokatia magauni ya wateja. Sauti itoke mgongoni mwa spika, ipite ndani ya boksi kwenye njia inayojikunja na kupanuka, itokee chini kwa mdomo mpana. Kuta za kona ya chumba zimalizie kazi. Spika yenyewe ni koni ya karatasi, upana wa kiganja. Moja tu kwa kila boksi, ibebe kila kitu, filimbi mpaka ngoma.

Masanobu kachungulia. Eti, mke wangu, hilo gauni la nani, la tembo? Mume gani huyu.

Jumapili, 2 Oktoba

Kwa Bwana Tatsukawa, kwenye ghorofa alilohamia. Yeye ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha waunda spika. Chetu! Wanaume watupu, na mimi mbeba keki. Miaka mitatu naenda, bado naitwa mgeni.

Leo nikasema basi, tarehe 23 njooni kwangu. Tatsukawa akacheka: dada yetu, kiredio chako tutakisikiliza kwa heshima zote.

Utaratibu wao naujua. Mwenyeji anapiga santuri moja. Wakiomba nyingine, umeingia chamani. Wakiomba chai, umekwisha, na hawarudi. Nataka waombe nyingine.

Jumatano, 12 Oktoba

Gundi kila mahali, hata kwenye nywele. Juu ya plaiwudi nimepanga pasi zangu zote na gunia la mchele ili zibane. Chakula cha jioni tumekula tumesimama. Masanobu alinuna kidogo, kisha akashika msasa mwenyewe. Nampenda akinyamaza.

Jumapili, 16 Oktoba

Balaa.

Maboksi hayakai! Kwenye kona zake, moja linaziba mlango, na msikilizaji itabidi akalie mdomo wa pembe. Nikapima maboksi — sawasawa. Nikapima chumba. Nikakaa chini.

Chumba cha mikeka sita, kama tunavyohesabu vyumba kwetu, kwa mikeka inayojaza sakafu. Nani anapima chumba cha mikeka sita? Nimekulia humo! Niliandika urefu ninaoujua tangu utoto. Lakini mimi nimekulia Kyoto. Mkeka wa Kyoto ni mkeka. Huu wa maghorofa ya huku Chiba umepungua shubiri nzima, na bado wanauhesabu mkeka! Miaka yote hii naufagia, sikuona. Mshonaji mimi, nisiyemkatia mtu hata mkono wa blauzi bila kumpima mara mbili!

Nimelia. Masanobu akasema, ahirisha tu. Niahirishe? Nimpe Tatsukawa kicheko cha mwaka mzima? Thubutu!

Jumatatu, 17 Oktoba

Asubuhi nakunja magodoro, nayarudisha kwenye kabati la ukutani kama kila siku. Nikasimama na godoro mikononi. Kabati! Kina cha mkono mzima, kuta tatu, kona mbili — na zote zilikuwa zinanisubiri humohumo!

Milango ya karatasi nikaing'oa. Rafu ya katikati nikaipiga msumeno. Masanobu akarudi kazini, akapiga kelele: nyumba ya kupanga hii! Nikamwambia, tutairudisha. Lini? Nikaendelea kuunganisha waya.

Halafu nikaweka sindano juu ya santuri.

Lo! Besi ikatoka chini, nzito na laini, mpaka vikombe vya jikoni vikaitika. Mwimbaji alisimama palepale kati ya maboksi, nikamsikia akivuta pumzi. Boksi halijawahi kuniimbia hivi. Masanobu alibaki wima, mkoba begani, mpaka upande wa kwanza ukaisha.

"Magodoro tutaweka wapi?" Ndilo alilosema. Nimeshinda!

Jumamosi, 22 Oktoba

Nimempelekea Mama Onuki wa chini taulo jipya, kumwomba radhi kabla ya kelele za kesho. Akasema, kumbe ni wewe! Nilidhani ni tetemeko.

Nikapanda ngazi nacheka peke yangu.

Jumapili, 23 Oktoba

Naandika jikoni, nimesimama. Wamo! Wamekaa goti kwa goti. Walipoliona kabati wakaangua kicheko. Tatsukawa eti, dada, umezilaza mapema spika zako? Nikaweka sindano. Besi ya kwanza tu, kicheko kikakatika.

Upande ukaisha. Sikuweza kuvumilia, nikakimbilia huku kubandika birika, ingawa hakuna aliyeomba chai.

Sauti ya Tatsukawa: "Masanobu, kuna nyingine?"

Nyingine!! Nimejiziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo. Nyingine!

Inapigwa sasa. Tatsukawa mwenyewe alikuja hapa jikoni, kichwa kimejaa vumbi la kabati langu, penseli mkononi. "Dada... samahani, fundi. Chumba hiki mikeka mingapi?"

"Sita."

"Kwangu pia sita! Nipe mchoro, kesho nanunua mbao."

Akaandika sita, akakunja karatasi, akarudi kukaa. Kupima hajapima. Na mikeka ya kwake naijua. Siku ile nilipoikalia, magoti yalitokeza nje. Hii yetu ina nafuu, ni mirefu kuliko yake.

Birika linapiga filimbi. Nitamwambia. Santuri hii ikiisha. Au acha kwanza waombe ya tatu.