Turubai Juu ya Pichi ya Mzee Radi

Kaka, nimeua uwanja. Mimi mwenyewe, mtunza uwanja, kwa mikono yangu hii.

Unajua leo kamati ilikuwa inakuja kuamua kama uwanja wetu wa kriketi ubaki au yajengwe maduka. Wakamleta na Mzee Radi, awasimulie alivyopiga mikimbio mia mbili peke yake huku mguu umeteguka, watu wamejaa mpaka juu ya paa. Mechi ile nani haijui?

Nami nilitaka waikute pichi aliyochezea, ule ukanda wa katikati wa kupigia mpira, inang'aa. Mvua ilipoanza wiki mbili zilizopita nikaifunika turubai, nikakaza kamba kila upande. Sikuifunua tena, kaka. Hata jua lilipotoka sikuifunua! Niliogopa mvua itarudi.

Leo nikafunua mbele yao wote. Harufu, kaka! Nyasi zimeoza, nyeusi tii, ukungu juu kama mkate uliosahaulika kabatini.

Mwenyekiti akaziba pua. "Fundi, hii ndiyo historia yenyewe?"

Wakacheka. Mzee Radi hakucheka. Aliinama akashika udongo, ukamganda mkononi kama uji. Akaniuliza polepole, "Mwanangu, ni hapa kweli?"

"Ni hapa kweli?" Hayanitoki kichwani maneno hayo. Nikamjibu, "Ndiyo, mzee, ni hapa." Akafuta mkono kwenye suruali, akarudi kwenye gari. Hakusimulia kitu.

Mwenyekiti akasema basi, hapa hakuna cha kuokoa. Tingatinga linakuja Jumatatu.

Usinipigie. Nimelianika turubai kwenye uzio. Sijui nalikausha la nini.