Sare ya Papa Marcellin

Mwaka mzima umepita, Adjudant Marcellin Bisimwa, papa yetu, tangu ulipofumba macho hapa Cimpunda, ukungu wa ziwa ukiwa bado mlangoni.

Ulilitumikia jeshi miaka ishirini na miwili. Vita vya 1996 vikakurudisha nyumbani kwa miguu kutoka kambi ya Luberizi, homa ikakulaza, na ulipoamka ukawa fundi viatu. Lakini jeshi halikukutoka. Uliendelea kukunja blanketi kwa pembe nne, ukatupanga mstari hata kwa kunywa uji. Viatu vya mayatima ulivishona bure. Tulikucheka, nawe ukacheka kutushinda.

Jambo moja lilimnyima raha mkeo, Maman Domitille. Ulipokuwa hoi kwa homa, wenye bunduki walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta askari. Wangeiona sare yako, wangekuua. Akaichoma kwenye mbabula, jiko letu la makaa, akabandika maharage juu yake. Ulipopona, aliona haya kukuambia. Kila Pasaka ulimuuliza habari za sare:

"Mama Bienfait, tenue yangu iko wapi?"

"Iko kisiwani Idjwi kwa shemeji yako Françoise. Ataituma tu."

Hata siku ya mwisho ulimuuliza, naye akajibu vilevile. Ulitabasamu, ukaenda. Tangu hapo akawa anakuota: unashuka kwenye boti la Idjwi mikono mitupu, unamwangalia tu. Aliamka akilia, maana aliamini umekufa umedanganywa, na mdanganyifu ni yeye.

Juma lililopita tuliondoa matanga, tukagawa nguo na vitu vyako kama ilivyo desturi. Mwanao Chancelle akamwaga kopo lako la misumari. Chini kabisa kulikuwa na vifungo vinne vya shaba, vyeusi kwa moto, vimefungwa kitambaani. Kumbe ulivichambua kwenye majivu! Miaka sita ulijua, Papa, na ulikuwa ukimtania tu. Maman alicheka hadi akakaa chini, kisha akalia sana.

Jana alfajiri alikuota tena. Ulikuwa umekaa kwenye kigoda chako cha ufundi, shati jeupe, umetulia. Sare hukuiuliza.

"Mama Bienfait, chai iko?"

Akaamka, akabandika maji.

Tunaokukumbuka ni mkeo Domitille, wanao Bienfait na Chancelle, na shemeji yako Françoise wa Idjwi, ambaye sare hiyo hajawahi hata kuigusa. Humu nyumbani hutasahaulika kamwe, Papa. Chai yako iko.