Majina ya Njia ya Kutoka Mtoni

Mjomba mpendwa,

Umeshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo sitarajii jibu. Hata ulipokuwa hai, barua zangu ulikuwa unazisokotea tumbaku. Ila hili lazima ulijue.

Wapimaji wa ardhi wamekuja hapa Mahurunga. Mmoja wao, kijana mpole mwenye kishikwambi, alitukalisha ofisi ya kijiji tumtajie majina ya maeneo yetu, yaingie kwenye ramani. Mwenyekiti alikuwa ameshaamua kwamba pale juu ya mashamba ya mpunga, penye vichaka, pajengwe ghala la korosho, kwa kuwa ni pori lisilo na jina. Unapajua hapo. Ndipo alipolazwa mama yako, bibi yangu, na wenzake watatu aliovuka nao Ruvuma kukimbia vita vya ng'ambo. Hawana hata jiwe kichwani.

Nikasimama niseme jina la mahali pale. Halikuja.

Ulinifundisha vibaya, Mjomba, au vizuri kupita kiasi. Hukuwahi kunitajia jina la mahali tukiwa tumekaa. Tulianzia mtoni, wewe mbele na jembe begani, mimi nyuma na ndoo kichwani, na jina ulilitamka mguu wako ukiwa umekanyaga hapo hapo. Nikikukatiza kwa swali, unageuka. "Umenipoteza. Turudi mtoni." Na tulirudi kweli, na ndoo yangu ikiwa imejaa. Wakati ule niliona ni ukali. Leo naona ulikuwa unaandika kitabu kwa miguu, na mimi niliyejifunza kusoma kwenye magazeti ya kufungia maandazi nilikuwa nakisoma bila kujua.

Mtani wako Mzee Hamisi hakuniacha nihangaike peke yangu, alinisaidia kuzama.

"Mjomba wake alikuwa anabuni majina ili asichoke njiani," akawaambia. "Andika pori, kijana, tukale."

"Basi twendeni mtoni," nikasema.

"Mtoni kufanya nini, mama?" mpimaji akauliza, akiviangalia viatu vyake.

"Kuanza."

Walinifuata wakinung'unika. Pale maji yanapojikunja nikakanyaga, na jina likatoka: Kwenye Kiboko. Hatua chache, Mchanga wa Chumvi. Kisha Alipoteleza Padri, na mpimaji, ambaye naye alikuwa ametoka kuteleza, akaandika bila kubisha. Kisha Penye Mpingo, ingawa wachongaji waliumaliza mpingo huo kabla sijazaliwa. Kila jina lilikuwa linalivuta la mbele yake, kama ulivyokuwa ukiyapanga. Sijawahi kuona kichwa kama chako, Mjomba, na nimeona vichwa vingi vilivyosoma.

Tukafika kwenye vichaka. Kabla sijafungua mdomo, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Hapa ni Kwa Wanne," akasema Mzee Hamisi. Akakohoa. "Nilitaka kujisaidia hapa siku moja, mjomba wake akanifukuza kwa fimbo."

"Si umesema alikuwa anabuni?" Mwenyekiti akamuuliza.

"Nimesema. Lakini siku ile alikuwa analia."

Mwenyekiti akavua kofia. Mpimaji akaandika jina, akauliza makaburi yanaanzia wapi na kuishia wapi, na Mzee Hamisi akamzungusha mwenyewe. Ghala limehamishiwa kando ya barabara ya Kilambo, jirani na duka la Mwenyekiti, naye hajaonekana kusikitika.

Ramani sasa imebandikwa ukutani pale ofisini. Huwa napita kama mtu mwenye shida ya mhuri, kumbe naenda kulitazama jina lile. Herufi zake ndogo, lakini zipo.

Jambo moja nakiri. Kule bondeni kuna sehemu tatu zimebaki tupu kwenye ramani. Siku ulizozitaja nilikuwa nyuma yako nafukuza panzi. Mzee Hamisi alinishauri nibuni, eti hakuna atakayejua. Nilikataa. Nilimwambia mpimaji aziache nyeupe hivyo hivyo, asiandike kwamba hazina jina. Majina zinayo. Umeondoka nayo wewe.

Pumzika, Mjomba.

Mpwa wako,
mtoto wa dada yako