Kwa Nyambura, Juu ya Kiti Kisichokungoja Ukue

Mpwa wangu Nyambura,

Pokea salamu za Kinoo kutoka kwa mtu ambaye sasa anaweza kusema bila kujisifu, ingawa akijisifu pia hatakuwa amekosea, kwamba ametengeneza kiti Ujerumani bila kupanda ndege. Barua hii nimeiacha wazi makusudi. Mama yako ataisoma, Wafula wa sofa ataisoma, na yule mzee wa kanisa aliyecheka mpaka akatafuta mahali pa kushika ataisoma pia. Waliosema haiwezekani wana macho. Wayatumie.

Unajua mimi si mtu wa kalamu. Shule na mimi tuliachana darasa la sita, na mpaka leo hakuna aliyeeleza vizuri ni nani alimwacha mwenzake. Lakini kuna mambo hayatoshi kwenye simu, hasa simu yangu ambayo hukatika nikianza tu kunoga.

Ilianza Jumapili ile baada ya ibada. Tulikuwa kwa mama yako, chai imeshamiminwa, simu imeegemezwa kwenye themosi ili sote tukuone. Ukatokea umelala kifudifudi kitandani, kompyuta mbele yako, kama mtu anayechungulia kisima. Mama yako akauliza kama una homa. Ukasema ni mgongo. Ukaeleza kwamba tasnifu yako imebaki sura mbili, chuo kimekupa mpaka mwisho wa mwezi ujao, na huwezi kuketi hata nusu saa. Kiti chako, kile cha ofisi cha magurudumu ulichonunua kwa jamaa aliyekuwa akihama, chuma chake cha kupanda na kushuka kilikuwa kimekwama juu kabisa. Na vile vipya vya dukani, bei yake ukiitaja Dagoretti watu watadhani umekuja kununua ng'ombe.

Kisha ukasema polepole, "Naona nirudi tu. Nimechoka kuandika kama mgonjwa."

Wewe ndiwe wa kwanza kwetu kufika huko, na sote tulijua ukirudi bila kumaliza hutapewa nafasi ile mara ya pili. Mama yako alizungusha kikombe, akasema basi urudi, mgongo ni mmoja na vitabu ni vingi. Nikaona uso wako. Hukufurahi. Ulikuwa unangoja mtu akukataze.

Ndipo mimi nikasimama nikasema usirudi, kiti nitakupatia mimi kutoka hapa hapa.

Wafula, ambaye huketi kwa mama yako kila Jumapili kana kwamba anauza sofa huko ndani, aliweka kikombe chini. "Fundi, kiti yako hata Uthiru haifiki bila kuumia mguu. Sasa Ujerumani?"

Watu wakacheka, mzee wa kanisa akashika meza asianguke. Alikuwa anasema habari za kile kiti kilichoanguka kutoka kwenye pikapu nikikipeleka Uthiru hapo jirani. Wewe ukweli wake unaujua, nilikusimulia ungali mdogo: kiti kilianguka kikasimama wima katikati ya barabara, lori la mchanga likakigonga, na aliyepelekwa gereji ni lori. Kiti kilitoka na mkwaruzo mmoja, kama wa kucha ya paka. Wafula hakuwepo. Mashahidi walikuwepo, ila wengi wamehama.

Jumatatu nikafunga karakana, nikavaa koti langu la harusi, nikaenda tao, katikati ya jiji. Nilisema moyoni, kabla sijamfundisha mtu wa Ujerumani kuketi, acha nione hivi viti vya ofisi vinavyojidai vina siri gani. Nikapanda ghorofani kwenye duka moja la fanicha na kumwambia dada wa pale kwamba nataka viti arobaini vya kampuni yangu. Haukuwa uongo kamili. Kampuni ninayo, ni wafanyakazi tu ambao sijapata. Nikakaribishwa maji. Nikaketi kwenye viti saba, kimoja baada ya kingine, nikiegemea, nikizunguka, nikifumba macho kama tajiri anayefikiria shamba. Cha saba kilinishika kiunoni vizuri mpaka nikasahau kilichonileta.

Yule dada alikuwa ananitazama. Ni mfupi, mfupi kama wewe. Akaniambia kwa upole, "Mzee, wewe unasikiza mgongo tu. Anza na miguu. Miguu ikining'inia, mgongo ndio inabeba mzigo yote."

Nikamjibu kwamba hilo nalijua tangu kabla hajazaliwa. Nikamshukuru, nikasema nitarudi na lori. Lakini Nyambura, nilipofika kwenye ngazi nilisimama. Nilikuwa nimekumbuka kiti cha saiprasi.

Ulikuwa darasa la tatu. Ulikuwa unafanyia hesabu sakafuni, tumbo chini, hivyo hivyo nilivyokuona kwenye simu. Nikasema mtoto wa dada yangu hawezi kusoma kama mjusi. Nikakutengenezea meza na kiti, mbao safi ya saiprasi, nimepiga randa mpaka nzi akitua anateleza. Mama yako akalia. Wewe ukakikumbatia kile kiti, kwa sababu kukikalia kulihitaji kwanza kukipanda.

Nilikuwa nimekitengeneza kikubwa. Si kwa kukosea. Mimi sikosei vipimo. Nilifanya vile sisi wote tunavyofanya. Sweta ya shule hununuliwa ya kukunjwa mikono mara mbili, viatu huwekwa karatasi kwenye ncha, na mtoto huambiwa atavikulia. Nikakuambia, "Utakikulia." Kila nilipokuja ulikuwa unaketi wima unionyeshe, miguu inapepea hewani. Ulikuwa unasema, "Anko, bado." Nami nasema ngoja.

Ulingoja miaka mitano. Mwaka wa mtihani nilikukuta umeweka mkebe wa rangi chini ya meza, umeegesha miguu juu yake. Nilidhani unachezea mkebe. Nikauchukua nikarudi nao karakana, maana ulikuwa na rangi nusu.

Sijui nilidhani urefu utatoka wapi. Kwetu hakuna mtu mrefu. Babu yako alikuwa akisimama kwenye picha za harusi wanamdhania ameketi.

Basi pale pale kwenye ngazi nikakupigia. Sikukusalimu hata. Nikauliza, ukiketi kwenye hicho kiti cha magurudumu, miguu yako inafika chini?

Ukacheka kile kicheko chako cha puani. "Haifiki, Anko. Lakini hiyo nimezoea."

Niliketi kwenye ngazi za watu na koti la harusi. Askari wa mlangoni akaja kuuliza kama nina shida. Nikamwambia nina mpwa msomi Ujerumani, nikampa habari zako zote kuanzia chekechea, akaniacha.

Kuanzia hapo kazi ikawa kazi. Nilikuambia uachane na viti vya magurudumu. Utafute cha mbao, cha miguu minne, kizito, cha mitumba. Lakini kwanza upate kamba. Uketi ukingoni mwa kitanda, uvae zile soksi nene unazovaa nyumbani, maana huko sakafu ni ya baridi na hutaketi pekupeku kama Kinoo. Kamba ianzie kisiginoni, ipande mpaka nyuma ya goti, hapo upige fundo. Hilo fundo, nikakuambia, ndilo duka lako. Usimsikilize muuzaji, sikiliza fundo.

Ulizunguka nayo siku tatu. Ulinieleza jinsi watu wa duka la mitumba walivyokutazama, Mwafrika mdogo anapima viti kwa kamba na kutikisa kichwa. Vyote vilikuwa virefu. Wale watu wamekaa juu, sijui wanaangalia nini. Siku ya tatu ukanitumia picha ya kiti cha zamani chenye mgongo wa fito, bei yake chini ya sahani ya chakula. Nikakuambia ukigeuze miguu juu nione maungio. Nyambura, nilipoona yale maungio nilivua kofia. Fundi aliyekitengeneza alikuwa mtu wangu, hata kama hatukuonana. Nikakuambia ukibebe.

Kilizidi fundo lako kwa vidole vinne. Nikasema, kata.

Hapo ndipo uliogopa. Ulikuwa umeazima msumeno kwa mama mwenye nyumba, umeushika kama unashika nyoka. Ukasema mguu mmoja ukikosea utalazimika kukata mwingine, na mwingine, mpaka ubaki na stuli ya kukamulia ng'ombe, na mwezi nao unaisha. Wafula alikuwa amekuja karakana kuazima gundi, au ndivyo alivyosema. Alisimama nyuma yangu akitazama simu, mdomo umekaa tayari kwa mzaha.

Nikakuuliza, "Una vitabu?"

Ukashangaa. Ukageuza simu nikaona ukuta mzima.

Nikakuambia uweke kiti mezani kikisimama sawasawa. Upange vitabu karibu na mguu mpaka vifike vidole vinne. Ulaze penseli juu yake, ncha iguse mguu, uzungushe. Kisha uhamishe vitabu vile vile kwenye mguu wa pili, wa tatu, wa nne, na kiti usikiguse kabisa. Alama zote nne zitakuwa kimo kimoja hata kama meza ni ya mlevi. Ndivyo mimi hufanya na kipande cha mbao, lakini kwako mbao hamna, na vitabu vimejaa. Miaka yote hii nilikuwa nawaheshimu wasomi bila kujua hasa vitabu vinafanya kazi gani.

Ukakata. Ulikata vibaya, sitakudanganya, unavuta msumeno kama mtu anayekata keki ya mwenzake. Lakini ulifuata mstari. Mguu wa tatu Wafula alisahau mzaha wake. Wa nne akasogea mpaka pumzi yake ikawa begani kwangu. Mimi nilikuwa nimetega sikio, kwa sababu kiti kibaya kikiwekwa sakafuni husema chenyewe, tok, tok, na hakuna maneno ya fundi yanayoweza kukinyamazisha.

Ukakiweka chini. Ukakisukuma kona hii, ukakisukuma kona ile.

Kimya.

Kisha ukaketi. Hukunionyesha uso wako. Uliinamisha simu chini, nikaona soksi zako za bluu, nyayo zote mbili zimelala sakafuni, visigino na vidole, kama mikate miwili.

"Anko," ukasema, "imefika."

Wafula akaenda zake bila gundi. Jioni alirudi na soda mbili baridi, akafungua yangu kwa heshima, akasema tu, "Haya, fundi." Mtu wa sofa kusema hivyo kwa mtu wa viti ni sawa na mbunge kushuka gari kukusalimu. Mama yako naye, ambaye hakutaka kuachwa nje ya ushindi, akakuamuru ukunje ile leso aliyokufungia safarini na kuifunga kwenye zile fito, usawa wa kiuno. Anasema hiyo leso ndiyo iliyomaliza kazi. Mwache aseme. Yeye ni dada yangu mkubwa.

Ukaketi. Ukaandika sura mbili, ukazipeleka siku mbili kabla ya mwisho. Ulipotuma habari mama yako alipiga vigelegele mpaka kuku wa jirani wakaacha kutaga, na bado hawajaanza tena. Mimi nimewaambia watu wa Kinoo kwamba maprofesa wako sasa wanapanga foleni na kamba mkononi. Kama si kweli, usinirekebishe mbele za watu. Kama ni kweli, wapige fundo sawasawa.

Sasa nikuambie jambo ambalo Wafula hajui, naye atalijulia hapa.

Nilikwenda kwa mama yako nikachukua kile kiti cha saiprasi. Kilikuwa chumbani kwako, kimebeba nguo. Nikakileta karakana, nikafunga mlango kama mtu anayeiba chake mwenyewe. Kipande cha mbao cha kupimia ninacho, lakini sikukitumia. Nilipanga Biblia yangu na juu yake kitabu chako cha hesabu cha darasa la nane, chenye jina lako kwenye jalada, nikaongeza daftari moja mpaka kimo kikafika. Nikalaza penseli. Fundo lako ulikuwa umenitajia, na mimi nikishasikia kipimo sikisahau, ila hicho nilipaswa kukichukua miaka ile ukiwa mbele yangu na miguu inapepea. Nilikuwa na kamba mfukoni hata wakati ule.

Nimekata. Vipande vinne vya miguu viko dirishani pa karakana. Wateja wakiuliza ni vya nini nawaambia ni vya kiti cha kwanza nilichotengeneza nikiwa bado najifunza.

Kiti kimerudi chumbani kwako, mbele ya meza yako, na chini yake nimerudisha mkebe wa rangi. Hauna kazi tena. Niliuchukua bila kuuliza, ndiyo maana nimeurudisha.

Ukija usiniletee koti wala saa. Njoo na zile soksi za bluu, uketi, nione.

Ni mimi mjomba wako mpenzi,
fundi wa Kinoo, Dagoretti na Ujerumani.