Sharti Ulilolinyamazia Msikitini

Kwako baba,

Shikamoo. Mtoto kasinzia asubuhi hii, ndiyo nikapata wasaa wa kukuandikia huko Maskati.

Unaikumbuka siku tuliyofungua pampu ya Bi Mwanaidi, Jang'ombe? Nilikuwa nasubiri matokeo ya kidato cha sita. Nikakwambia nataka kufanya kazi kwenye mitambo ya nyuklia, ukacheka mpaka bisibisi ikakuponyoka. Nikakueleza kwamba hata ile ni moto wa madini ya urani, maji, mabomba na pampu.

"Ala! Basi sie tushahitimu," ukasema. "Tumebakisha hayo madini tu."

Halafu ukaniuliza kwa dhati, nitasoma digrii gani? Mwalimu alishaniambia nisikimbilie jina la nyuklia. Nianze na uhandisi wa mitambo huko Bara, nyuklia ije juu yake. Ukaandika "mitambo" kwa penseli ukutani, pembeni ya namba za wateja wako. Hapana mtu aliyewahi kuyachukua maneno yangu hivyo.

Posa ya Hamad ilipokuja sikuikataa, nilikuwa nampenda. Nilikupa sharti moja tu ulitaje msikitini kabla hujaniozesha: nikipata chuo, niende. "Mwanangu, hilo niachie mie." Mimi nilikuwa nyumbani na hina mikononi. Wewe ndiye uliyekwenda kunisemea.

Miaka miwili nilidhani Hamad analijua. Mwezi huu nimechaguliwa chuo. Uhandisi wa mitambo, baba! Nikamuonesha, nikamkumbusha sharti, akanikodolea macho.

"Sharti gani? Mie sikusikia sharti."

Nikamwita muongo, mtu ambaye hajapata kunidanganya. Nilipokupigia simu ukasema ulisahau. Nikakusamehe palepale.

Juzi ami Khamis, aliyekuwa shahidi wa ndoa, kaja kumuona mtoto. Kumbe hukusahau. Mlipokuwa mnavua viatu mlangoni alikukumbusha, ukamjibu, "Liache tu. Akizaa atatulia."

Nshazaa, baba. Nnanyonyesha huku kitabu cha hesabu kiko pajani, na mara nyengine nasinzia kabla ya mtoto. Lakini sijatulia. Ungeniambia hutaki, ningelia, tungegombana, ningejua nasimama wapi. Wewe ulinibusu kipaji, ukaingia msikitini, ukanyamaza.

Sikati udugu nawe. Mjukuu wako namuonesha picha yako kila siku, na anaibusu. Ila chuo wanataka jibu langu kabla ya Ijumaa, na Hamad hadi leo haamini kwamba niliwahi kuweka sharti. Anadhani nimelitunga baada ya kupata nafasi, na ami kasema hilo ni lako wewe kumwambia.

Sitaki uniombee ruhusa. Nnataka umpigie wewe mwenyewe, umwambie, "Binti yangu alinituma, nami sikufikisha." Yaliyobaki nitazungumza na mume wangu.

Mimi nshamuomba radhi kwa kumwita muongo. Bado wewe.

Nakuombea afya huko uliko.

Binti yako wa kwanza