Wazazi Walikuja Kudai Hesabu, Nikawachezesha Harusi

Mama Kadidja mpendwa, ukiisoma shida yangu utacheka, na ucheke tu, lakini ukimaliza naomba unisaidie, maana hapa nyumbani kwangu hakuna anayecheka.

Naitwa Jumaine, nakaa Keshero, kazi yangu ni kushika mikro kwenye harusi, na bila kujisifu, ukisikia harusi imechangamka hapa Goma uliza nani alikuwa MC. Binti yangu Ramla anasoma mambo ya maabara, mwaka wa pili, katika chuo kikuu kimoja cha hapa mjini ambacho jina lake nalificha, na kila mwaka sisi wazazi tunalipa pesa ya masomo na juu yake pesa ya maabara, na hiyo maabara ina meza, ina sinki, ina picha kubwa ya mikroskopi imebandikwa ukutani, lakini mikroskopi yenyewe ni moja tu na inakaa ofisini kwa Rekta, mkuu wa chuo, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, watoto wanaiona wakienda kuomba sahihi. Ramla anaweza kuichora akiwa amefumba macho, ila jicho lake halijawahi kuigusa.

Basi wazazi wakapiga kelele, wakaandikiana kwenye WhatsApp mpaka simu zikapata moto, na wakubwa wa chuo wakaona watangaze Siku ya Uwazi, wazazi waje waulize na wao wajibu, wakakodi ukumbi kule Himbi, wakaniita mimi niongoze, nami nikafurahi nikijua nitawasaidia wazazi wenzangu.

Siku hiyo ukumbi ulijaa, wazazi wamekunja nyuso, Rekta na AB, yule msimamizi wa bajeti, wamekaa mbele kwenye viti viwili vyenye kitambaa cheupe na maua, kwa sababu ukumbi ni wa harusi na viti vya mbele ni hivyo tu. Wa kwanza kuomba neno akawa jirani yangu Mama Séraphine, ameandika maswali yake kwenye karatasi, akasimama kule nyuma akaanza kuja mbele, na hapo ndipo mdomo uliponiponyoka, maana maisha yangu yote mtu akitoka nyuma kuja mbele na kitu mkononi mimi nina maneno yake, nikasikia sauti yangu inasema, «Mama anakuya! Mumufungulie njia! Bamama ba Keshero, muko wapi?», na mpiga piano wangu Chance akapiga bila kuuliza. Mama Séraphine aliniangalia kwa jicho la kuua, lakini miguu ikamsaliti, akaanza kucheza, wamama wakainuka wakamsindikiza kwa vigelegele, na alipofika mbele, nani anafika mbele akicheza halafu akasimama tu, akaiweka karatasi yake ndani ya kapu la zawadi la ukumbi lililokuwa mezani na Rekta akamkumbatia.

Kuanzia hapo sikuweza kuwazuia wala kujizuia, kila mwenye swali alikuja akicheza akalitia kapuni, wasio na swali wakaona aibu wakatia pesa, na Papa Ntirenganya, aliyetoka Rutshuru kuja kuuliza kwa nini jengo jipya halina paa, akaahidi mbuzi. Mwisho kulikuwa na keki ya kuwapa wageni, nami kwa mazoea nikawaita Rekta na AB waikate, wakashika kisu kimoja, wanaume wazima wenye tai, wakalishana, ukumbi mzima ukahesabu moja, mbili, tatu. Tulirudi nyumbani tumefurahi, na ni kesho yake asubuhi Mama Séraphine alinigongea mlango akaniambia, «Jumaine, miye nilikuya kuuliza, nikarudia nimechanga. Ulinifanya nini?»

Sasa wazee wa baraza la utawala la chuo wameagiza kikao kirudiwe Jumamosi, kwa sababu ripoti waliyoletewa ilikuwa picha za keki. Rekta akanipigia mwenyewe, «Papa Jumaine, uko na mukono ya bahati, ukuye tena, na mutoto wako hatalipa kitu mupaka amalize.» Ramla alikuwa pembeni akasikia, akasema, «Papa, kama unaenda kule, miye naacha masomo. Heri niuzishe samaki za sambaza sokoni.» Tangu siku ile haongei nami, chakula changu anakiweka mezani kama cha mgeni. Mke wangu anasema pesa hiyo si ya kukataa, na kuna familia tatu zimeniuliza safari hii watashona kitenge cha rangi gani. Nifanye nini Mama, niende au nisiende, na nikienda, huu mdomo wangu nitaufunga na nini?

Ni mimi, Jumaine wa Keshero.

Papa Jumaine,

Nimecheka mpaka nikavua miwani. Nilipofika kwenye lile neno la Rekta nikaivaa tena, na tangu hapo sijacheka.

Kwanza acha kuusingizia mdomo. Mdomo hautembei peke yake mpaka Himbi. Siku ile ya kwanza nakuamini: mtu wa harusi amewekwa kwenye ukumbi wa harusi, amepewa maua, piano na keki, tungetegemea afanye nini, asome bajeti? Ila jiulize kwa nini chuo kizima chenye wasomi wake kilitafuta MC wa harusi kuongoza siku ya hesabu. Hawakukosea namba ya simu. Walikujua kuliko unavyojijua.

Kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia. Jumamosi ukirudi na mikro huku masomo ya binti yako yamesamehewa, hilo si tena kosa, ni biashara, na bidhaa ni wazazi wenzako. Tunajua sote kwamba mbuzi inakula pale inafungwa, na mkubwa anakula ofisini kwake. Lakini safari hii unataka kumwongezea na mbuzi ya Papa Ntirenganya!

Na nikukaripie na jambo la kazi yako, kwa kuwa unajisifu unaijua. Sherehe zote ulizonazo kichwani, ulichagua isiyofaa. Umesimamia mahari mara ngapi? Je, upande wa kijana umewahi kufika ukasema ng'ombe wapo, wako ofisini, wamefunikwa kitambaa, nawe ukapiga vigelegele? Thubutu! Msemaji wa upande wa binti anatoka uani, anamfungua mbuzi mdomo aone meno, anagusa kitenge kwa vidole, anasema huyu anakohoa, murudishe, na hakuna anayemwita mkorofi, maana wote wanajua anamheshimu binti. Nyinyi mliwatoa watoto, mkatoa na mahari, na kucheza mkacheza nyinyi. Ukoo gani unaoza binti hivyo?

Basi sikiliza. Jumamosi utakwenda, lakini kama mzazi. Leo hii mpigie Rekta, umshukuru kwa adabu, umwambie ada utailipa kama watu wengine na kazi yake huitaki. Mkeo atanuna, mwache anune, umenuniwa na mtu mkubwa zaidi, binti yako. Chance abaki nyumbani na piano yake. Wazazi wakae wateue msemaji, na wasikuchague wewe. Mama Séraphine angefaa, kwa sababu bado ana hasira, ila aulize akiwa AMEKAA, na wote waulize wakiwa wamekaa, kwa kuwa kwenu Keshero mtu akishasimama amekwisha. Kapu lisiingie ukumbini. Keki wakiileta, iliwe baada ya majibu, na majibu yaje na vitu vyake: wakisema mikroskopi ipo, ije mezani, wakisema paa linatengenezwa, waseme fundi ni nani na apigiwe simu pale pale. Wakisema mambo hayo ni magumu kwa wazazi kuyaelewa, mwambieni Rekta mna siku nzima na mmekula. Zile familia za kitenge uwajibu wavae walichonacho.

Usidhani nakuambia haya kwa ajili ya uwazi, neno kubwa la kuandika kwenye banderoli. Homa itakushika, Papa Jumaine, mimi pia itanishika, mji huu mbu hawana likizo. Tutapelekwa maabara, na mtoto mwenye koti jeupe atatutoboa kidole, aangalie tone letu la damu, aseme ni malaria au si malaria, na daktari ataandika dawa kwa neno lake. Mtoto huyo ndiye anasoma leo kwenye chuo kile, kwa kutazama picha ukutani. Binti yako ameliona hilo akiwa na umri wake. Wewe uliona kapu.

Alichokuambia si utovu wa nidhamu. Anakataa kuja kumuua mtu kwa kubahatisha, na mtoto wa namna hiyo hauzi sambaza, anasomeshwa hata kwa kuuza redio ya nyumbani.

Kwa hiyo usingoje Jumamosi. Jioni hii atakapokuwekea sahani, mshike mkono kabla hajaondoka, umwambie umekataa. Sema taratibu, maneno machache, halafu unyamaze umwache yeye aongee.

Mama Kadidja