Roketi ya Tajiri na Mtungi wa Kukopa

Jumatatu, 3 Februari
Kidato cha tatu, vipindi viwili vya fizikia. Lenzi tatu, wasichana arobaini na wawili. Lenzi moja ina ufa.

Mwalimu mkuu alinitoa darasani. Halima, mwanafunzi wangu wa darasa hili, ameshinda yale mashindano ya insha. Mdhamini ni wakfu wa bilionea mmoja wa ng'ambo, yule anayejijengea roketi za kwenda kutalii angani. Shule itapata darubini na maabara mpya. Halima atapelekwa kuona roketi ikirushwa. Mwalimu mkuu alinikumbatia. Hajawahi.

Mimi huyo tajiri simpendi. Alikaa huko juu dakika chache, akashuka akishangilia kama amejifungua mapacha. Chumba cha walimu chote kilimcheka. Lakini insha ya Halima ni nzuri kweli. Inaeleza jinsi babake, mfanyabiashara wa mifugo pale Emali, anavyotazama picha za satelaiti kwenye simu kabla ya kuhamisha ng'ombe. Hakumsifu tajiri hata mara moja. Niliituma mwenyewe.

Jumatano, 12 Februari
Watu wa filamu waliotumwa na wakfu wanakuja Jumamosi kumrekodi Halima. Fomu ya ruhusa inataka sahihi ya mzazi. Mzee Abdi, babake Halima, yuko safarini kununua ng'ombe. Simu haishiki.

Mwalimu mkuu akasema, "Si wewe ndiye mlezi wa klabu ya sayansi? Weka sahihi, madam. Tusikose maabara kwa sababu ya karatasi."

Nikaweka. Mahali pa mzazi.

Jumamosi, 15 Februari
Emali. Kwao Halima ni nyumba ya mawe, baraza ina vigae, tanki la maji linafika kimo cha paa. Shangazi yake alikuwa amekaanga sambusa. Hazikuguswa. Kijana wa Nairobi anayeongoza kamera alizunguka uani, akasema nyumba hii haisemi kitu.

Tukapakiwa garini. Tukapita Kiboko, tukaingia ndani hadi kwa bibi mmoja mwenye kibanda cha udongo. Wakaazima mtungi wake wa njano. Halima akaambiwa avue viatu, atembee kwenye mchanga wa mto mkavu, kisha asimame atazame juu. Mara nne.

Mara ya pili aliniangalia mimi, si juu. Nikatazama chini.

Yule bibi aliniuliza kwa Kikamba huyu ni mtoto wa nani, na mbona anabeba mtungi mtupu. Nikamwambia ni mchezo tu. Akasema mchezo gani unachoma mtoto miguu.

Naandika hapa ili nisijidanganye baadaye. Nilikuwepo na sikusema kitu.

Alhamisi, 27 Februari
Filamu imetoka. Sauti ya Halima haimo. Ni mwanamke mwingine anasoma kwa huzuni: msichana asiye na maji, anayeota nyota. Satelaiti hazimo. Ng'ombe hawamo. Roketi imo, inapaa nyuma ya kichwa chake.

Watu wamewaka mitandaoni. Mpe maji kwanza, mwizi wewe. Ungulia huko huko juu usirudi. Nimesoma yote na nakubaliana na karibu yote. Halafu wanamgeukia Halima. Ameuza umaskini wetu. Amemlambia mzungu viatu. Mtoto wa miaka kumi na saba.

Bwenini wanamwita Mtungi.

Jumatatu, 3 Machi
Mzee Abdi alifika saa tatu asubuhi, kanzu nyeupe, kofia mkononi. Amefunga, ni Ramadhani. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Mwalimu, binti yangu anaomba maji? Anamwomba nani?"

Mwalimu mkuu akaanza habari za maabara. Mzee akamngoja amalize.

"Watu ninaofanya nao biashara wananipigia simu kunipa pole. Wanadhani nimefilisika. Nani alikubali jambo hili?"

"Ofisi," mwalimu mkuu akajibu.

Nilikuwa nimekaa kiti cha pili. Nimenyamaza tena. Namchukia yule tajiri, namchukia kijana wa kamera, na leo nimejichukia kuliko wote wawili.

Ijumaa, 7 Machi
Niliwaandikia wakfu waiondoe filamu. Jibu limekuja leo. La heshima sana. Ruhusa ilitolewa kihalali, nakala imeambatishwa.

Sahihi yangu. Nzuri, imenyooka.

Ijumaa, 14 Machi
Darubini imeletwa, bado kwenye sanduku, sanduku lina utepe. Mahema, kwaya, wakuu wa kaunti. Mwakilishi wa wakfu, mama mwenye tabasamu lisilochoka, aliketi katikati. Halima alipewa hotuba ya shukrani iliyopigwa chapa ofisini.

Aliikunja.

"Mimi naitwa Halima. Kwetu kuna tanki la maji. Ule mtungi uliazimwa kwa bibi mmoja, na sijui kama ulirudishwa."

Mwalimu mkuu akasimama nusu.

"Nashukuru kwa darubini. Nina swali moja tu. Satelaiti inamsaidia babangu kila siku, na hakuna mtu ndani yake. Mdhamini wetu alipopanda mwenyewe, aliona nini ambacho satelaiti haikuwa imeona?"

Yule mama akatabasamu. Ndipo wasichana wakalipuka, mia nne, wakigonga viti. Wale waliomwita Mtungi ndio waliogonga zaidi. Nililia waziwazi mbele ya wakuu wa kaunti, na sikujali.

Saa nane sanduku lilirudishwa garini na utepe wake. Safari ya Halima ya kuona roketi imeahirishwa, wanasema. Halima ametumwa nyumbani, arudi na mzazi. Utovu wa nidhamu.

Jumatatu, 17 Machi
Nimemwambia mwalimu mkuu kwamba kama kuna wa kuadhibiwa ni mimi. Akasema barua yangu ya adhabu iko njiani. Sawa.

Jumamosi, 22 Machi
Nilienda Emali. Mzee Abdi alikuwa dukani kwake, kando ya barabara. Nilimwambia nikiwa bado nimesimama: sahihi ni yangu. Nilikuwepo mtoni pia.

Akavuta kiti kutoka ndani, akakiweka kivulini. Malori mawili yakapita.

"Keti, mwalimu."

Akaagiza chai. Kikombe kimoja, mfungo bado. Nilikataa, akasema mgeni ni mgeni. Nikainywa mbele yake, midomo yake imekauka. Sijawahi kunywa chai ndefu hivyo.

Aliniuliza kama Halima amekosa mengi darasani. Nikasema wiki moja, nimekuja na daftari. Akamwita. Tukakaa ndani kati ya magunia ya mchele, tukafanya maswali ya lenzi. Alikosea moja, akalifuta, akalirudia.

Jumatatu mzee atamleta shuleni mwenyewe. Hakusema amenisamehe. Sikumuuliza.